Miguu kuvimba jioni: Usikimbilie kusema ni uchovu

Mama anayeuza zabibu kando ya barabara hapa Dodoma akiona viatu vinambana jioni, husema ni kusimama kutwa. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia moyo wake umeelemewa.

Jipime hivi. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, kwa sekunde 5 hadi 10, kisha achia. Kikibaki kishimo, kuna maji chini ya ngozi. Magonjwa ya figo na ini nayo huleta hali hiyo. Mguu mmoja tu ukivimba ghafla na kuuma, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa; wahi hospitali.

Kinachoelekeza kwenye moyo ni dalili zinazoambatana na uvimbe: kuhema kwa safari uliyoizoea, kuhitaji mito miwili au mitatu ili ulale, na kushtuka usiku ukitafuta hewa. Ukilala, maji ya miguuni hurudi kwenye damu. Moyo dhaifu hushindwa kuyasukuma, nayo hujaa mapafuni. Ndiyo maana ukikaa unapata nafuu. Wengi hudhani ni pumu au jinamizi.

Hali hii huitwa moyo kushindwa kufanya kazi. Jina lisikutishe: moyo haujasimama, ila hausukumi damu ya kutosha. Ni tofauti na shambulio la moyo, ambapo mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba ghafla na kifua hubana.

Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, yaani 140/90 au zaidi, lisilotibiwa. Vingine ni valvu zilizoharibika tangu utotoni kutokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na udhaifu wa moyo unaowapata baadhi ya kina mama mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Mzazi anayehema akilala asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha.

Uwe Bahi, Kongwa au Chamwino, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Kupima presha ni dakika chache tu. Ikibidi, utapewa rufaa, kwa mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, yenye huduma za kibingwa za moyo.

Usijinunulie dawa za kutoa maji mwilini. Uvimbe utapungua, lakini ugonjwa utabaki. Na ukihema hata umekaa, usingoje kupambazuke.