Cheche hafifu: Chunguza koili na pointi kabla ya kulaumu kabureta

WENYE magari makuukuu katika sehemu za baridi kama vile Limuru na Kinangop wanaijua vyema adha hii. Alfajiri ufunguo unazungushwa, stata inalia, injini inazunguka, lakini gari haliwaki. Mkulima aliyekwisha kupakia mitungi ya maziwa kwenye pikapu hana subira ya kungoja jua lichomoze, kwa kuwa maziwa yaliyochelewa huenda yakakataliwa. Anamwita fundi. Naye fundi, bila kuuliza maswali mengi, anafungua kabureta.

Hapo ndipo pesa huanza kupotea. Kabureta husafishwa, pampu ya petroli hubadilishwa, plagi mpya hununuliwa, na bado gari husumbua. Ikiwa petroli inafika na plagi zinatoka zikiwa zimelowa na kunuka mafuta, basi kilichokosekana si mafuta bali moto wa kuyachoma. Isitoshe, petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili inayozilinda, na injini inayozungushwa hivyo asubuhi baada ya asubuhi huchakaa kabla ya wakati wake.

Chukulia Peugeot 504, gari ambalo wasafiri wengi wa masafa marefu nchini walilitegemea, na ambalo lilishinda Safari Rally mnamo 1975 likiwa mikononi mwa Ove Andersson na tena mnamo 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Mengi ya magari hayo hayana kompyuta wala vifaa vya elektroniki vya kuwasha moto. Yana betri, koili, distributa, pointi, kondensa, waya na plagi. Ni vitu vichache, na kila kimoja kinaweza kupimwa kando ya barabara.

Betri hutoa volti 12 tu, ilhali cheche huhitaji maelfu ya volti ili iruke pengo la plagi. Kazi ya kuzidisha nguvu hiyo ni ya koili. Ndani yake mna waya mnene wenye mizunguko michache, na waya mwembamba wenye mizunguko maelfu, yote miwili ikizunguka kiini cha chuma. Umeme wa betri unapopita katika waya mnene, chuma hicho hugeuka sumaku. Ukikatwa ghafla, sumaku huporomoka na kuzalisha umeme mkali katika waya mwembamba. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mnamo 1831, na Charles Kettering akaitumia katika mtambo wa kuwasha moto uliowekwa kwenye magari ya Cadillac ya 1910.

Wengi hudhani kwamba cheche huzaliwa pointi zinapogusana. La hasha! Huzaliwa zinapoachana. Zinapogusana, koili inajazwa, zinapoachana, inamwaga. Ndiyo maana pengo la pointi, ambalo katika magari mengi ya aina hii huwa karibu milimita 0.4, lina uzito mkubwa hivyo. Pengo likizidi, koili hukosa muda wa kujaa, na gari hukohoa linapokimbizwa. Likipungua mno, umeme huruka kati ya pointi zenyewe na kuziunguza.

Kipimo cha kwanza ndicho kinachogawanya kazi yote. Waya mnene utokao katikati ya koili huchomolewa kwenye kifuniko cha distributa, ukashikwa kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikiwa milimita sita hivi kutoka kwenye chuma safi cha injini. Mtu mwingine huzungusha stata. Hili lifanywe mbali na kabureta na petroli iliyomwagika, na waya usiachwe ukining'inia hewani pasipo chuma karibu, kwani umeme ukikosa pa kwenda hutoboa kinga ya ndani ya koili.

Cheche nzuri ni nene, ya rangi ya samawati inayokaribia nyeupe, na hulia kwa mlio mkavu. Iliyo hafifu ni nyembamba, ya manjano au nyekundu, na huja na kutoweka.

Kuna mtego ambao umewanasa hata mafundi wenye mvi. Plagi hufunguliwa, ikalazwa juu ya injini, cheche ikaonekana, na fundi akatangaza kuwa moto upo. Lakini ndani ya silinda hewa na petroli zimeshindiliwa, na kadiri zinavyoshindiliwa ndivyo zinavyouzuia umeme kuruka. Cheche iliyoruka pengo dogo la plagi hewani yaweza kushindwa kabisa ndani.

Ikiwa cheche ya waya wa koili ni kali ilhali za plagi ni dhaifu, kosa liko mbele: kifuniko cha distributa, rota, nyaya au plagi zenyewe. Kifuniko kikaguliwe kwenye mwanga, kutafuta ufa mwembamba kama unywele au mstari mweusi ambao umeme umejichorea. Umande na ukungu huingia humo, na huenda ndiyo sababu gari linagoma alfajiri na kuwaka saa nne. Usiku, boneti ikifunguliwa injini ikinguruma, umeme unaovuja huonekana ukicheza juu ya nyaya.

Ikiwa cheche ya waya wa koili nayo ni hafifu, kosa liko nyuma. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi ikiwa imepumzika; ikishuka chini ya volti 9.6 stata inapozunguka, koili haitapata chakula cha kutosha. Waya wa ethi ulioota kutu huleta njaa iyo hiyo. Kisha pointi zitazamwe. Zikiwa zimeungua na kuota kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa ishukiwe. Kifaa hiki kidogo humeza umeme pointi zinapofunguka, ili ukatike ghafla. Kikifa, umeme hukatika kwa kusitasita na cheche hunyong'onyea. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya koili, lakini ni koili inayonunuliwa kwanza. Mtu hushangaa kwa nini.

Koili yenyewe huwa na tabia ya kufa ikiwa moto na kufufuka ikipoa. Gari huzimika baada ya mwendo wa nusu saa, na likipumzika huwaka kana kwamba halikuwa na kasoro. Koili inayovuja mafuta yake haina dawa ila kubadilishwa, na mpya ilingane na gari: zipo zinazotumia volti 12 moja kwa moja, na zipo zinazohitaji rezista mbele yake. Zikichanganywa, moja huungua na nyingine hutoa cheche hafifu ile ile iliyokuwa ikikimbiwa.

Kifaa kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja, kisha jaribio la milimita sita hurudiwa, kwanza papo hapo na mara ya pili alfajiri inayofuata, injini ikiwa baridi na umande ukiwa bado juu ya boneti.