Lori la Magurudumu Kumi

Wenzangu kadhaa wa kidato cha tatu hunicheka, eti gari la waya ni la watoto wa darasa la pili. Na wacheke. Likiundwa ovyo ni mchezo wa mtoto, sikatai; lakini likiundwa kwa kipimo ni lori hasa, ila limepungua. Ndugu msomaji, kipimo ndicho nitakachoeleza hapa, kwa maana vifaa vyetu ni vya kuokoteza, na pasipo kipimo ni takataka zenye magurudumu.

Likizo ya Desemba mimi na binamu yangu tuliamua kuunda lori la miwa, mfano wa yale ya Awendo, kwenye kampuni ya sukari iliyoundwa mwaka wa 1976. Mimi ni wa Migori, nikatafuta vya jua kali: waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, mabaki ya bati na spoki za baiskeli. Yeye ni wa Homa Bay, akaleta malapa yaliyokatika na maboya ya nyavu aliyookota ufuoni. Mfuko wake ulinuka omena hadi Rongo, na kutoka Rongo hadi kwetu. Makanga nusura aulipishe nauli.

Tulichagua kipimo cha 1 kwa 20. Lori la mita 9 likawa sentimita 45. Upana wa mita 2.5 ukawa sentimita 12.5. Sasa tazama maajabu. Tairi la lori lina kimo cha karibu mita moja, basi letu ni sentimita 5. Soli ya lapa ina unene wa sentimita moja na nusu hivi. Zidisha kwa 20 upate 30, na huo ndio upana wa tairi lenyewe! Kizibo cha soda ni kama sentimita 3, yaani 60: ringi ya lori barabara. Lapa likatoa tairi, kizibo kikawa ringi, spoki ikawa ekseli. Tundu la katikati tulitoboa kwa msumari wa moto, kwani kisu huliacha na pembe na gurudumu huyumba.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Binamu alitaka maboya yawe magurudumu ya nyuma, ati ni makubwa na yana raha. Boya lina sentimita 8. "Nane mara ishirini ni ngapi?" nikamwuliza. Akanyamaza. Ni mita 1.6, tairi la lori gani humfika mtu mzima kidevuni? Alininunia siku nzima, wala simlaumu, maana alikuwa ameyabeba mbali.

Bodi, wazee wetu waliikata kwenye kopo la Kimbo. Siku hizi Kimbo huuzwa katika plastiki, kwa hiyo tulitumia kopo la rangi. (Kopo la kupuliza dawa ya wadudu usilikate kabisa, linaweza kukulipukia.)

Springi ndizo zinazotenganisha lori na kigari. Chukua ukanda wa chuma unaofungia mizigo, kata vipande vitatu: kirefu, cha kati na kifupi. Vipange kifupi kikiwa chini, ufunge katikati tu, ncha uziache huru. Mzigo ukikaa, vipande hupinda pamoja huku vikisuguana, na ule mrusho hufa polepole. Ukizifunga ncha, umetengeneza ubao. Letu lilibeba kilo mbili za sukari za shangazi kutoka dukani bila kulalia tumbo, na tangu siku hiyo hajaliita takataka.

Usukani ni waya mrefu unaofika kiunoni kwa mwenye kukimbia nyuma. Hupita katika kitanzi kwenye paa la kebini, kisha hufungwa katikati ya ekseli ya mbele. Kitanzi kiwe kipana kidogo kuliko waya. Kikibana, lori haligeuki, kikilegea, linakwenda kama mlevi.

Na yale maboya? Mita 1.6 ni kimo cha gurudumu la nyuma la trekta. Binamu ndiye aliyeng'amua hayo, usiku, akaniamsha. Trekta la kuvuta miwa limekwisha kupata fremu na ekseli ya nyuma; tunachotafuta sasa ni lapa la mtoto la kukatia magurudumu ya mbele.