Fedha Uliyomkopesha Ndugu Nyumbani

Leo sitasema juu ya sadaka. Nataka tuzungumze juu ya kukopesha, na hasa kukopesha kwa mtu anayeishi Marekani au Uingereza, fedha zake zikiwa mikononi mwa jamaa na majirani huku Kisii na Nyamira. Ziko nyumba ambazo watu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya jambo hili.

Katika Biblia yuko mtu aliyelipitia. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme huko Shushani, mbali sana na mji wa baba zake. Alipofika Yerusalemu alikuta watu wakilia, kwa maana njaa ilikuwa imewafanya waweke rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao wapate nafaka, na wengine walikuwa wamekopa ili kulipa kodi ya mfalme. Nehemia alikasirika, akaita mkutano mkubwa. Wahubiri wengi hutusomea hasira yake, wakaipita upesi aya ya kumi ya sura ile ya tano, ambapo Nehemia mwenyewe anasema kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wakiwakopesha watu hao fedha na nafaka. Mtu aliyetoka ng'ambo alikuwa mmoja wa wakopeshaji!

Siku hizi fedha husafiri upesi kuliko zamani zile. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu wa kijijini hupokea fedha akiwa bado shambani na jembe mkononi. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 5 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje katika mwaka 2024, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka Marekani. Watu wa Gusii ni wengi huko, hasa katika jimbo la Minnesota, na wengi wao hufanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa, zamu ya usiku ikifuatwa na ya mchana. Aliye nyumbani haoni zamu hizo. Yeye huona ujumbe katika simu kwamba fedha zimeingia.

Tuseme basi kijana mmoja kutoka vilima vya Nyamira anampigia simu dada yake wa baba mdogo aliye Minneapolis. Anataka shilingi 300,000 anunue pikipiki mbili za bodaboda, na anasema, "Dada, usiwe na wasiwasi, nitampa mama hati ya shamba aiweke." Dada anatuma. Mama anaifunga hati katika leso, anaiweka ndani ya sanduku. Wote wanaamini kwamba deni limepata ulinzi.

Ndugu msikilizaji, karatasi ile ndani ya sanduku yaweza kuwa haina nguvu yoyote. Kwanza, tazama jina lililoandikwa. Nchi yetu ina watu wengi na mashamba madogo. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wana wao, lakini mara nyingi hati imebaki kwa jina la babu aliyekwisha kufa. Mpaka urithi upitishwe mahakamani, mjukuu hana cha kuweka rehani. Pili, iko Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967. Kwa sheria hiyo, kuuza shamba la kilimo au kuliweka rehani ni bure bila kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Mapatano yakiwa bure, sheria hukuruhusu kudai fedha ulizotoa kama deni la kawaida. Yaani umerudi pale pale ulipoanza. Kweli, mahakama zimewahi kumwonea huruma mtu aliyenunua, akalipa, akakaa shambani miaka mingi. Lakini wewe unakaa Minneapolis, hukai katika shamba hilo. Tatu, yuko mke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na wake wengi husikia habari ya deni siku ile watu wanapokuja kupima shamba.

Tena wale mliochukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010, kumbukeni kwamba wakati ule mlipoteza uraia wa Kenya, na haurudi mpaka mtu auombe. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Nani basi atakayeandikiwa shamba hilo? Mara nyingi ni ndugu mwingine, na hapo umeanza deni la pili.

Jambo la fedha yenyewe nalo lina mtego wake. Mwanzoni mwa mwaka 2021 dola moja ilikuwa yapata shilingi 110. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha kabla ya mwaka huo kwisha ikashuka mpaka yapata 130. Aliyetuma dola 1,000 mwaka 2021 alimpa ndugu yake shilingi 110,000. Akirudishiwa shilingi hizo zote Januari 2024, alipata kama dola 690 tu. Akisisitiza alipwe dola 1,000 kamili, ndugu alipaswa kutafuta shilingi 160,000, na hiyo ni bila riba hata senti moja. Kila mmoja wao aona ameibiwa, wala hakuna aliyeiba. Ingetosha tangu mwanzo kusema, "Tunahesabu kwa shilingi," au, "Tunahesabu kwa dola."

Kisha kuna neno hili tulilolizoea: "Ngoja bonasi." Wenye majani chai wanaopeleka Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyamache au Kiamokama hungojea malipo hayo ya mwisho wa mwaka wa chai, na humo wameahidi karo, mabati, mbolea na madeni yote. Lakini bonasi hutegemea bei ya mnada wa Mombasa, na viwanda vya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa vimekuwa vikilipa kidogo kuliko vya Mlima Kenya; mwaka 2025 malalamiko yalikuwa makubwa sana. Mtu aliyeahidi kukulipa kwa bonasi yaweza kuwa hakusema uongo. Aliahidi asichokuwa nacho.

Na hapo ndipo wengi hukimbilia polisi. Kutolipa deni si kosa la jinai. Udanganyifu ni kusema uongo juu ya jambo lililopo au lililopita, kama kuonyesha hati ya bandia. Ahadi ya kesho iliyoshindikana ni ya mahakama ya madai. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, na sheria yake yataka kesi imalizike kwa siku 60. Lakini usilale: deni la mapatano hudaiwa ndani ya miaka sita. Mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, miaka huanza kuhesabiwa upya. Naye mdhamini hawezi kushtakiwa kwa neno la mdomo tu. Lazima awe ameandika na kutia sahihi. Mdaiwa akifa, deni ni la mali aliyoiacha, si la mifuko ya watoto wake, nawe utasimama katika mstari pamoja na wadai wengine mpaka msimamizi wa urithi apatikane.

Nimesema habari za sheria muda mrefu, lakini mwenye taabu kubwa kuliko wote ni yule mama mwenye sanduku. Aliye ng'ambo hawezi kwenda kudai, kwa hiyo humtuma mama. Mama mzee anapanda kilima kwenda kwa mtoto wa shemeji yake, anaambiwa arudi Jumamosi, na Jumapili wanakutana katika kiti kimoja cha kanisa. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ilimkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Alipaswa kusimama nje angoje aletewe. Sura hiyo hiyo ilikataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ndilo chakula cha nyumba. Lakini sisi humtuma mama aingie, tena mpaka jikoni, na nimesikia hata habari za ng'ombe wa maziwa aliyefunguliwa kamba usiku watoto wakitazama.

Ndugu yangu uliye ng'ambo, kabla ya kutuma, jiulize kama ni mkopo au ni msaada. Kama ni karo, ilipe katika akaunti ya shule, uihesabu kuwa zawadi, usiitaje tena. Kama ni mkopo, andikeni kiasi, namna ya fedha, na tarehe. Mkewe awepo, na mashahidi wawili wasio wa upande wako. Jumbe zote za simu uzihifadhi. Mtu akiomba mtaji mkubwa, muulize kwanza kama chama cha akiba na mikopo kimemkatalia, na kwa sababu gani. Wale wanaomwona kila siku wanamjua kuliko wewe. Na wewe uliye nyumbani, ukishindwa kulipa mwezi huu, piga simu wewe kwanza, kabla hujapigiwa.

Nehemia, kwa upande wake, aliwataka wakopeshaji warudishe mashamba na nyumba siku ile ile, akawaita makuhani, akawaapisha mbele ya mkutano wote. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mdhamini, yule anayetia sahihi kwa ajili ya deni la mwingine.