Karamu ya chai ya wasichana: mambo ya kuzingatia Kajaga

Kajaga, kitongoji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Gatumba, kinafaa kwa karamu ya chai ya wasichana wadogo nyakati za alasiri. Hata hivyo, ufanisi wake hautegemei mapambo pekee. Mwenyeji hana budi kufikiria mada, afya ya wageni wake na usalama wao.

Mada iliyo karibu

Chai ya alasiri pamoja na vitafunio ilianza kuwa desturi ya matajiri wa Uingereza katika miaka ya 1840. Burundi haihitaji kuazima mada kutoka huko, kwani chai ni zao lake lenyewe. Shirika la chai la taifa, OTB, liliundwa mwaka 1971, na majani huchumwa katika nyanda za juu, zikiwemo Teza na Rwegura kandokando ya msitu wa Kibira.

Mada yaweza kuwa safari ya jani hadi kikombe. Wasichana huelezwa kuwa mchumaji huchukua majani mawili machanga na chipukizi lake, kisha kiwandani majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi hewani, hukaushwa na kuchekechwa. Mtoto anayefahamu hayo huiheshimu kazi ya mkulima.

Kikombe na afya

Chai ya rangi hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na maharage na mboga za majani. Wasichana waliokwisha kuvunja ungo huyahitaji zaidi madini hayo, hivyo ni bora chai inywewe takriban saa moja baada ya mlo, wala si pamoja nao. Kwa wadogo, chai iwe hafifu, au itumike tangawizi na mchaichai bila majani ya chai.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari iliyoongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Vikombe vitatu vyenye vijiko viwili viwili vya chai hubeba takriban gramu 24, kabla hata ya keki na mandazi.

Maji na viboko

Mafuriko yamekwisha kuwahamisha maelfu ya wakazi wa ukanda wa Gatumba, hasa tangu mwaka 2020, na mafuriko huchafua visima. Maji yachemshwe kikamilifu, yakiwemo ya kuoshea matunda, na wageni wanawe mikono kwa sabuni.

Aidha, viboko hutoka ziwani jioni kutafuta malisho. Karamu ianze mapema na imalizike kabla ya magharibi, ufukwe uwe na mtu mzima wa kuusimamia, na kila msichana akabidhiwe mzazi au mlezi wake mwenyewe.