Tufani ya baharini: inazaliwa wapi, inakufa namna gani, na juu ya nini haifike kwetu



Mwisho wa mwezi wa 4 mwaka 2021, redio zilitangaza kama tufani moja, jina lake Jobo, inatoka upande wa kaskazini ya Madagascar na inaelekea Tanzania. Siku ile ile simu yangu haikunyamaza. Mama mmoja memba wa koperative ya milimani aliniuliza: «Agronome, tufani inakuja. Tung'oe maharagi?» Maharagi ya sezoni B yalikuwa bado na maganda ya kijani. Nilimujibu asingoje redio, angoje maganda yakauke. Lakini sikumufasiria sababu, na jirani zake wengi waling'oa. Jobo ilichoka baharini, mabaki yake tu ndiyo yaliguza pwani ya Tanzania. Wale waling'oa mapema walikula mboga wiki moja, na mwezi wa 9 walikosa mbegu. Tangu siku ile nilijiambia: mkulima anapaswa kupewa sababu, si jibu tu.

Namna inazaliwa

Tufani inakula joto la bahari. Maji ya juu yanapaswa kuwa na joto la digrii 26 hivi ao zaidi, na joto hilo lishuke mpaka metre 50 hivi chini. Maji yale yanatoa mvuke. Angalia sufuria ya bugali: mvuke unapanda, unaguza kifuniko, unageuka matone. Pale mvuke unageuka maji, unaachilia joto lenye ulikuwa umebeba. Baharini joto lile linapasha hewa ya juu, hewa inapanda zaidi, na chini yake inabaki nafasi yenye hewa nyepesi. Pepo za pembeni zinakimbilia pale, nazo zinaleta mvuke mwingine. Ni moto wenye kujiletea kuni.

Lakini kundi la mawingu halitoshi. Inafaa lizunguke, na mzunguko ule unatoka kwa dunia yenyewe yenye inazunguka. Karibu na ikweta nguvu ile ni ndogo sana. Ndiyo maana tufani karibu zote zinazaliwa mbali na ikweta, kwa digrii 5 hivi, ni kusema zaidi ya kilometa 500. Kwa upande wetu wa kusini zinazunguka kama mishale ya saa.

Namna inakomaa

Katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi, kituo cha Météo-France cha kisiwa La Réunion ndicho kinazifuata. Upepo ukifika kilometa 63 kwa saa, tufani inapewa jina. Ikifika 118, inaitwa siklone. Zingine hazifike pale. Zinapata jina, zinaishi siku chache, zinakwisha bila kuguza nchi kavu. Kwa hiyo kusikia jina kwa redio si kusema hatari ni kubwa. Uliza maneno matatu: upepo wake ni kiasi gani, inaelekea wapi, na inazidi ao inapunguka?

Namna inakufa

Kuko njia ine. Ya kwanza, inapita juu ya maji baridi: kuni zimekwisha. Ya pili, inameza hewa kavu: mvuke unakosekana. Ya tatu, pepo za juu zinavuma tofauti na zile za chini, zinaikata kichwa na miguu. Tufani ndogo inaumia upesi kwa njia hiyo. Ya ine, inapanda nchi kavu, mahali hakuna bahari ya kuilisha, na milima na miti vinasugua upepo wake.

Sasa pima kwetu. Bukavu iko digrii 2 na nusu tu toka ikweta, na zaidi ya kilometa 1,000 toka Bahari ya Hindi, kisha iko juu milimani. Tufani haina njia ya kufika hapa ikiwa nzima.

Lakini inaweza kuvuta pepo kutoka mbali. Mwezi wa 3 mwaka 2018, tufani Dumazile na Eliakim zilipita upande wa mashariki ya Madagascar. Mara nyingi tufani za upande ule zinavuta hewa yenye maji kutoka bonde la Kongo kwenda mashariki, na mwaka ule Kenya ilipata mvua nyingi sana. Mwaka 2019, wakati Idai ilikuwa upande wa Msumbiji, mvua ya Kenya ilichelewa.

Hatari yetu iko wapi

Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, huko Kalehe, mito ilishuka na matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Hakuna tufani ilifika pale. Ilikuwa mvua ya kwetu, milimani kwetu.

Kwa hiyo, wandugu:

– Msing'oe maharagi juu ya habari ya tufani. Ngojeni maganda yageuke manjano na kukauka. Mbegu ichaguliwe shambani mbele ya mavuno.
– Chimbeni mifereji ya kukata mteremko, na juu ya kingo zake pandeni tripsacum ao calliandra. Zinashika udongo, zinalisha mifugo.
– Msilime ukingo wa mto mpaka majini, na msijenge pale mto unashukia.
– Mvua ikinyesha sana kule juu na mto unageuka matope ao unapunguka ghafula, ondokeni mara moja, usiku ao mchana. Maji yanaweza kuwa yamezibwa kule juu, yanangojea kutoboka.

Yule mama alingoja. Mwezi wa 9 ndiye alikopesha jirani zake mbegu.