Bosi akiandika mshahara nusu, na fidia yako inakuwa nusu

Leo tuongelee fidia ya kuumia kazini, maana hapa Temeke vijana wengi tunaishia viwanda vya Chang'ombe, mafundi seremala wa Keko au kubeba mizigo Kurasini, na mashine haichagui mtu. Watu wengi wanadhani hiyo ni kazi ya NSSF. Hapana. Kuna mfuko wake, unaitwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF kwa kifupi.

Huko nyuma ilikuwa balaa. Sheria ya enzi za mkoloni iliweka ukomo kwa tarakimu kavu, kwamba mtu aliyepata ulemavu wa kudumu mwisho wake shilingi 108,000. Yaani mkono mzima umeenda, unapewa hela isiyofika hata pango la miezi michache. Mwaka 2008 ikatungwa sheria mpya. Waajiri wa Tanzania Bara wakaanza kuchangia Julai 2015, na malipo ya fidia yakaanza Julai 2016. Zanzibar wana utaratibu wao.

Mchango ni wa mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, mwaka 2021 ikashuka hadi 0.6, na tangu 2022 ni 0.5 sawa na serikalini. Bosi akikukata wewe hiyo hela, anavunja sheria. Chungulia slipu yako.

Sasa tuje kwenye usanii. Upo wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa baadhi ya wafanyakazi. Jamaa anavunjika mguu kwenye mechi ya mtaani Jumapili, Jumatatu anachechemea mpaka getini na kusema kateleza kazini. Wengine wanatafuta karatasi za hospitali za kughushi, au mtu akifariki wanajitokeza wategemezi ambao marehemu hakuwahi kuwaona. Hiyo ni jinai. Tena inawaumiza waliopata ajali za kweli, maana kila faili linaanza kuangaliwa kwa jicho la mashaka na malipo yanachelewa.

Wa pili ni wa baadhi ya mabosi, na huu hausemwi sana. Ana watu 60, anaandikisha 20. Au anakulipa 800,000 lakini kwenye makaratasi anaandika 400,000, nyingine unapewa mkononi. Unafurahi kwamba makato yamepungua. Subiri uumie.

Piga hesabu hapa. Ukiumia ukawa huwezi kufanya kazi kwa muda, fidia ni asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Kwa 800,000 unapata 560,000 kwa mwezi. Kwa 400,000 unapata 280,000. Na bosi ameokoa nini? Asilimia 0.5 ya ile 400,000 aliyoificha, yaani shilingi 2,000 kwa mwezi! Yeye kaokoa nauli ya daladala, wewe umepoteza 280,000 kila mwezi, na watoto wanataka kula. Ulemavu wa kudumu nao unapigiwa hesabu kwa mshahara huohuo: usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Kwa hiyo ufanyeje? Ukiumia, hata kama unaona ni kidogo, mwambie msimamizi siku hiyohiyo na hakikisha imeandikwa. Kumbuka nani alikuwa pembeni yako. Hospitali sema ukweli kwamba umeumia kazini na wapi, kwa sababu maneno ya daktari siku ya kwanza ndiyo ushahidi wako. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa WCF ndani ya siku 7, na madai yasizidi miezi 12. Akikuzungusha, nenda mwenyewe ofisi za WCF ukaulize. Tunza mkataba, slipu na meseji za malipo kwenye simu. Kibarua naye asijitoe, sheria haikuandikwa kwa wenye ajira za kudumu tu.

Na wewe mwenye karakana unayesoma hapa, dawa ya madai feki ni hiyohiyo. Andikisha watu wote, weka daftari la ajali, chukua maelezo ya mashahidi siku hiyohiyo, toa taarifa mapema. Anayesema kaumia Jumatatu wakati daftari linaonyesha hakuingia kazini, atajikamata mwenyewe. Lakini kama mishahara yako mwenyewe ni ya kuficha, utamwita nani mwizi?

Wadau, huko kwenu slipu zinasoma mshahara wa kweli au nusu? Mwageni maoni hapo chini, majina ya kampuni na ya watu tusiyaweke.