"Sijala Kitu, Sukari Imetoka Wapi?"

Swali hilo halikosi asubuhi yoyote kwenye vyumba vya kupimia sukari, kuanzia Haydom hadi Katesh. Mgonjwa ametoka kijijini alfajiri, tumbo tupu, kipimo kinasoma 11 (mmol/L), naye anamkodolea muuguzi macho kama aliyesingiziwa wizi.

Hakusingiziwa. Sukari hiyo imetoka kwenye ini lake mwenyewe. Damu yote ya mtu mzima hubeba gramu 5 hivi za sukari, kijiko kimoja cha chai, na ubongo hausubiri uji uive. Usiku kucha ini huimimina damuni kidogo kidogo: nyingine hutoka kwenye akiba yake ya gramu 100 hivi, nyingine huitengeneza papo hapo. Homoni ya glukagoni huliamuru litoe. Insulini huliambia basi. Kwenye kisukari cha aina ya pili, ini huwa zito kuisikia insulini na huendelea kumimina.

Hapo ndipo yanapoletwa "maji machungu", na subira ya wataalamu inapokwisha. Eti uchungu unaua utamu! Mwarobaini, shubiri, hata vitunguu saumu ambavyo Mbulu inavilima kwa magunia: chochote cha kukunja uso. Ladha huishia mdomoni. Ini halina ulimi. Kwinini kweli inaweza kushusha sukari hadi mgonjwa wa malaria akazimia, lakini ni kwa kulichochea kongosho limwage insulini, wala si kwa uchungu wake.

Mwaka 2011 maelfu walifuata Samunge, Loliondo, kikombe cha sh 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, dawa ya mti wa mugariga iliyosifiwa kuponya kisukari, ukimwi na saratani. Mwasapila alifariki 2021. Kliniki za kisukari hazikufungwa. Wala hospitali haichukii miti: metformini chimbuko lake ni mmea uitwao galega, ila kidonge kina miligramu zinazojulikana, na kazi yake kubwa ni kulituliza ini hilohilo.

La kufanya? Pima: 7 au zaidi asubuhi kabla ya kula chochote, mara mbili, ni kisukari. Punguza tonge la ugali, ongeza mboga na maharage, tembea, meza dawa kila siku, kagua nyayo. Unayetumia insulini, usinywe pombe tumbo tupu: hulizuia ini kutengeneza sukari. Na mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiachishwe sindano kwa ajili ya kikombe cha yeyote; bila insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.